Pesa za Perkins ziko wapi? Jibu kwa mama wa Lexington

Mama mmoja anayeishi Lexington, Kentucky, ameniandikia hivi: "Mimi ni mzaliwa wa Uvira, Kongo. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Amerika, na sasa wote nyumbani tuna grini kadi. Kanisani tuliambiwa serikali inatoa pesa za Perkins kwa vyuo vya jamii ili watu wasome ufundi. Nikaenda chuoni na kijana wangu wa miaka 19, aliyemaliza shule hapa hapa na anataka kujifunza kuchomelea vyuma. Binti wa dirishani akasema pesa hizo hazipewi mwanafunzi. Je, tunafichwa? Zinatoka wapi, zinaenda wapi? Na mimi ninayefanya kazi ghalani usiku na ninataka kusomea usaidizi wa wauguzi, nitazipataje?"

Mama, hufichwi. Yule binti amekuambia kweli, ila ni nusu yake, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuhusu. Nimefanya kazi miaka 16 katika ofisi ya ruzuku ya chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha kozi fupi na za miaka miwili, na kila muhula naona watu wetu wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya swali hili hili. Wanaomba pesa sahihi kwenye dirisha lisilo lake, kisha wanakata tamaa na kukaa.

Shika jambo moja kwanza. Serikali ya Marekani inalipia elimu ya ufundi kwa mifuko miwili. Mmoja ni wa chuo: pesa zinaingia chuoni, zinanunua mashine, zinalipa walimu na washauri, na hakuna mwanafunzi anayezishika mkononi. Wa pili ni wa mwanafunzi: pesa zinamfuata mtu kwa jina lake na kumlipia ada, ile mnayoiita minervali kule kwenu. Perkins ni mfuko wa kwanza. Wewe uliuomba kama vile ni wa pili.

Jina hilo, kwa bahati njema, ni la mtu wa jimbo lako. Carl D. Perkins alitoka Knott County, kwenye milima ya mashariki ya Kentucky. Aliingia Bunge la Marekani mwaka 1949, akawa mwenyekiti wa kamati ya elimu na kazi tangu 1967, na akafa akiwa bado mbunge mwaka 1984. Sheria ya ufundi ya mwaka huo ikapewa jina lake. Serikali kuu yenyewe ilianza kulipia ufundi zamani zaidi, kwa sheria ya Smith-Hughes ya 1917. Perkins tuliyonayo leo ni ya tano. Ilitiwa saini Julai 2018 na kuanza kutumika mwaka uliofuata.

Nchi nzima, Perkins ni karibu dola bilioni 1.4 kwa mwaka. Ukiisikia kanisani inaonekana bahari, lakini inagawanywa kwa majimbo yote, kwa sekondari na vyuo pamoja. Serikali kuu inazipeleka kwa majimbo. Katika kila dola 100 zinazofika jimboni, zisizopungua 85 lazima ziende kwa shule na vyuo. Hadi 10 zinabaki kwa miradi ya jimbo zima, na zisizozidi 5 ni za utawala. Jimbo lenyewe ndilo linaloamua sekondari zipate kiasi gani na vyuo vipate kiasi gani.

Ukiingia kwenye karakana ya kuchomelea ya chuo chochote cha jamii, inama utazame ubavu wa mashine. Mara nyingi utakuta kibandiko kidogo cha rangi ya fedha chenye namba. Kwenye karakana tuliyoihudumia sisi, kila mashine iliyonunuliwa kwa pesa za serikali kuu ilikuwa na kibandiko hicho, na mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka na daftari kuzihesabu, moja moja, hadi mabomba ya kufyonza moshi yaliyoning'inia juu ya vibanda. Perkins ndiyo ile. Mwanao akisimama pale amevaa kofia ya kuchomelea, anafanya mazoezi kwenye mashine sawa na ile atakayoikuta kiwandani, badala ya chakavu ya miaka 30 iliyopita, hapo ndipo anapokula pesa za Perkins. Ameshapewa, ila hakuna aliyemwambia.

Tena sheria inakataza chuo kutumia Perkins kuziba nafasi ya pesa za jimbo. Zinatakiwa kuongezea tu. Ndiyo maana ofisi zinaogopa kuzigusa ovyo, na ndiyo maana binti wa dirishani alikujibu kwa mkato.

Sasa ile nusu aliyoiacha. Sheria ya Perkins inataja makundi ya watu ambao chuo ni lazima kiwaangalie kwa jicho la pekee: watu wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza, wazazi wanaolea peke yao, wenye ulemavu, wasio na makao, vijana waliokulia katika malezi ya serikali, na wengine, wakiwemo wanaosomea kazi ambazo jinsia yao ni wachache sana. Kwa makundi hayo, sheria inaruhusu pesa hizi zitumike kupunguza gharama zinazotoka mfukoni mwa mwanafunzi. Inataja wazi ada ndogondogo, usafiri na malezi ya watoto. Vyuo vingine vinaazimisha vitabu na vifaa, vingine vina mshauri wa kazi hiyo tu. Haki ya kupewa fedha taslimu haipo, na kila chuo kina utaratibu wake, lakini mlango upo. Ukirudi, usiseme "nataka pesa za Perkins". Uliza: "Nani hapa anashughulikia wanafunzi wa makundi maalumu katika programu za ufundi, na mna msaada gani wa vitabu, vifaa na malezi ya watoto?" Kwa Kiingereza makundi hayo yanaitwa special populations. Andika maneno hayo kwenye karatasi, umwonyeshe. Utaona anavyoinua simu.

Tuje kwenye mfuko wako. Mkubwa kuliko yote ni ruzuku ya Pell. Perkins ni bilioni 1.4, Pell ni zaidi ya bilioni 25 kila mwaka. Si mkopo, hairudishwi. Kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 kiwango cha juu ni dola 7,395 kwa mwanafunzi, kulingana na kipato cha familia na wingi wa masomo anayochukua. Ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa jimbo mara nyingi iko chini ya hapo, na kinachobaki anapewa mwanafunzi kwa vitabu, vifaa na usafiri. Mwenye grini kadi anastahili sawa na raia. Ndugu ambaye bado ana karatasi ya I-94 ya ukimbizi, ile ya kuingilia nchini, asikate tamaa. Aende nayo ofisi ya misaada ya fedha aulize kabla ya kujaza, maana sheria za wageni hazikai mahali pamoja siku hizi.

Pell inaombwa kwa fomu ya FAFSA kwenye tovuti ya studentaid.gov. Ni bure. Narudia, Mama, ni bure: nimeona watu wa jamii yetu wakitozwa mamia ya dola na "wataalamu" wa kujaza fomu ambayo mshauri wa chuo angewajazia bila senti. Kijana wako ana miaka 19, kwa hiyo serikali bado inamhesabu chini yenu; yeye atafungua akaunti yake, na mzazi atafungua ya kwake, kila mtu kwa namba yake ya Social Security na simu yake. Wewe kwa masomo yako utajaza fomu nyingine, na utatoa taarifa zako na za mumeo. Fomu inatumia kodi ya miaka miwili nyuma. Kama tangu hapo mmepunguziwa saa au mmoja amepoteza kazi, peleka barua ya mwajiri na hati za mshahara ofisi ya misaada uombe waangalie upya. Wana mamlaka hayo kisheria, na wengi hawaambiwi.

Hapa ndipo mifuko miwili inapokutana, na ndipo ninapotaka watu wetu wasikilize zaidi. Jimbo linapogawa sehemu ya Perkins kwa vyuo, kipimo kikuu ni idadi ya wanafunzi wa ufundi wanaopokea Pell. Chuo chenye watoto wengi wa Pell katika karakana zake kinapata fungu kubwa zaidi. Kwa hiyo kijana wako akisoma kuchomelea huku analipa mfukoni kwa sababu familia iliogopa fomu, hasara ni mbili: yeye amekosa ruzuku, na chuo kimekosa kumhesabu. Katika ofisi yetu nilikaa na orodha ya majina, nikijua kabisa familia za baadhi yao ni za mshahara wa ghalani, na mbele ya jina hakuna Pell. Iliniuma. Ile mashine mpya tuliyoiomba mwaka ule ilihitaji majina kama hayo.

Jimbo nalo lina mkono wake. Pesa za kawaida za kuendesha vyuo vya KCTCS, ule mfumo wa vyuo 16 ulioundwa kwa sheria ya 1997 ukiwemo Bluegrass wa kwenu Lexington, zinatoka kwa bunge la Kentucky na kwa ada za wanafunzi. Tangu 2017 Kentucky inagawa sehemu ya pesa hizo kwa kuangalia matokeo, yaani ni vyeti vingapi vimepatikana na ni vya kazi gani, siyo vichwa vilivyoandikishwa tu. Majimbo mengine yana njia zao. Texas na Iowa, kwa mfano, vyuo vya jamii vinapata pia kodi ya nyumba na ardhi ya eneo, na ndiyo maana dada yako akiwa Texas ataulizwa kama anaishi ndani ya wilaya ya chuo, kwa sababu ada inatofautiana.

Kwako Kentucky kuna kitu kinachostahili safari yako ya pili chuoni: Work Ready Kentucky Scholarship. Ni pesa ya jimbo kwa mkazi ambaye hajapata shahada, na inalipia vyeti na diploma za miaka miwili katika sekta tano: afya, viwanda vya kisasa, ujenzi, uchukuzi, na biashara pamoja na kompyuta. Kuchomelea kumo, afya imo. Inaingia baada ya ruzuku nyingine kulipa, kuziba ada iliyobaki, na nayo inataka FAFSA iwe imejazwa. Kuna pia CAP, ruzuku ya jimbo kwa wenye kipato cha chini, ambayo inatolewa kwa anayewahi mpaka fungu liishe. FAFSA hufunguliwa Oktoba kwa masomo ya mwaka unaofuata. Mwenye kungoja Julai anakuta sufuria imeshasuguliwa.

Sasa wewe mwenyewe. Kozi ya msaidizi wa muuguzi, CNA, ni fupi. Sheria ya serikali kuu inataka angalau saa 75 tu za mafunzo. Pell ya kawaida inataka programu ya saa 600 na wiki 15, kwa hiyo kozi hiyo peke yake haiingii. Huenda umesikia habari za Pell mpya ya mafunzo mafupi. Ipo kweli: sheria iliyosainiwa Julai 2025 inairuhusu kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa programu za saa 150 hadi chini ya 600, za wiki 8 hadi chini ya 15, zikiidhinishwa na gavana na kuonyesha kuwa angalau asilimia 70 ya wanafunzi wanamaliza na asilimia 70 wanapata kazi. Lakini saa 75 bado ziko chini ya mstari huo. Usije ukaandikishwa mahali ukiahidiwa kuwa Pell mpya italipa CNA.

Una njia mbili nyingine, na ya kwanza karibu hakuna anayeijua. Kwa kanuni za serikali kuu, nyumba ya kutunzia wazee inayopokea Medicare au Medicaid, zile bima za afya za serikali, hairuhusiwi kumtoza msaidizi wa muuguzi gharama za mafunzo na mtihani kama tayari ameajiriwa nayo au ameahidiwa kazi siku anapoanza mafunzo. Na ukijilipia mwenyewe kisha ukaajiriwa na nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12, jimbo linatakiwa kuhakikisha unarudishiwa, kwa kadiri unavyoendelea na kazi. Kwa hiyo tafuta ahadi ya kazi kwanza, uipate kwa maandishi, ndipo uingie darasani. Umejilipia tayari? Tunza risiti.

Ya pili ni WIOA, sheria ya 2014 ya Wizara ya Kazi inayolipia watu mafunzo ya kazi. Pesa zake hazipatikani chuoni. Zinapatikana kwenye Kentucky Career Center, ofisi ya kusaidia watu kupata kazi. Unakaa na mshauri, anapima kipato na Kiingereza chako, na sheria inawapa kipaumbele wenye kipato cha chini na wale ambao Kiingereza au hesabu zao bado hazijakaa sawa. Wengi wetu tunaona aibu kuonyesha Kiingereza kibovu mbele ya ofisa. Pale, Mama, ndicho kinachokusogeza mbele kwenye foleni. Ukikubaliwa wanafungua akaunti ya mafunzo kwa jina lako na kulipa chuo moja kwa moja, na wanaweza kusaidia basi, sare au mtoto wakati unasoma. Kuna masharti mawili yanayowaangusha watu. Programu lazima iwe kwenye orodha ya jimbo ya watoa mafunzo waliokubaliwa. Na nenda kabla hujaanza darasa, maana mara nyingi hawalipii kozi ambayo umeshaingia. Kijana wako anaweza kuomba pia, kuna fungu la vijana wa miaka 16 hadi 24 walio nje ya shule, ila kwa yeye Pell inatangulia, kwani WIOA inakusudiwa kujaza pale ruzuku nyingine zilipoishia.

Hukuniambia kama ulimaliza sekondari. Kama una diploma ya serikali ya Kongo, itafute hata kama imekunjwa mara nane, itafsiriwe. Cheti cha sekondari cha nje kinakubalika. Kama huna, usidhani milango imefungwa. Mtu asiye na cheti anaweza kupata Pell akijiunga na programu inayounganisha masomo ya watu wazima na ufundi, na akafaulu mtihani maalumu au akamaliza krediti 6 za masomo ya chuo bila msaada. Inaitwa uwezo wa kufaidika, kwa Kiingereza ability to benefit. Si kila chuo kina programu ya namna hiyo, kwa hiyo uliza kwa jina. Na Kiingereza chenyewe kisome kwenye madarasa ya watu wazima yanayolipiwa na WIOA, usikilipie kwa Pell. Pell ina kikomo cha mihula 12 maishani, na nimeona watu wakiila kwa miaka mitatu kwenye madarasa ya lugha, kisha siku ya kuingia uuguzi nusu yake imeshaliwa.

Kitu kimoja kuhusu kijana wako, nakuomba mkae naye mezani mkiongee. Miaka michache iliyopita kijana wa umri wake, mtoto wa rafiki zangu, alipata Pell kamili. Wiki ya tano ghala likampa saa za ziada, akaacha kwenda darasani bila kumwambia mtu. Sheria inasema ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya pesa ambayo hukuisomea inarudishwa serikalini, na chuo kinakudai wewe pengo hilo. Barua ya deni ilifika nyumbani, mama yake akaniletea akilia, anadhani mtoto ataondolewa nchini. Haikuwa hivyo, lilikuwa deni tu, lakini lilimzuia kujiandikisha tena hadi lilipwe. Akibanwa na kazi, aende kwa mshauri kabla ya kuacha hata siku moja. Mara nyingi kuna njia ya kupunguza masomo badala ya kukimbia.

Mikopo iacheni hadi mwisho. Kwa programu mliyoichagua, ninaamini hamtaihitaji.

Na huko kanisani kwenu mlikoanzia habari hii, waambie wazee jambo moja zaidi. Kila baada ya miaka miwili chuo kinachopokea Perkins kinatakiwa kufanya tathmini ya mahitaji ya eneo, na sheria inakilazimisha kushauriana na waajiri, walimu, wazazi, wanafunzi na wawakilishi wa yale makundi maalumu. Wanaojifunza Kiingereza wamo. Nimekaa kwenye vikao hivyo mwaka baada ya mwaka, meza ndefu, wenye viwanda upande huu, sisi upande ule, na sikuwahi kumwona Mkongomani hata mmoja, katika mji ambao Kiswahili kinasikika kila duka la vyakula. Si kwamba walifukuzwa. Hawakualikwa kwa sababu hakuna aliyejua wapo, na wao hawakujua kikao kipo. Andikeni barua fupi kwa mkuu wa elimu ya ufundi chuoni, mseme mnataka mtu wenu awepo tathmini ijayo. Akifika, aseme mnachohitaji: darasa la kuchomelea la asubuhi kwa wanaotoka zamu ya usiku, mwalimu wa Kiingereza ndani ya karakana, chumba cha watoto.

Ukirudi chuoni nenda na kadi zenu za Social Security, grini kadi, hati za kodi, na hati za mshahara za miezi mitatu ya karibuni. Anza ofisi ya misaada ya fedha na FAFSA ya kijana. Mwulize ofisa, kwa maneno haya haya, kama programu ya kuchomelea anayoitaka inakubali Pell na Work Ready zote mbili, akuandikie jibu. Kisha mpitie karakana, mwombe mwalimu orodha ya vifaa anavyotakiwa kununua mwenyewe: kofia, glavu, koti la ngozi, viatu vya chuma mbele. Orodha hiyo ipeleke kwa mshauri wa makundi maalumu kabla hamjanunua hata glavu moja.